Redio yetu imebadilika mara tatu: ni matakwa ya mmiliki tu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Kikuyu, hapa Dodoma, na nasoma uandishi wa habari mwaka wa pili. Redio ya FM niliyokua nayo imebadilika mara tatu. Kwanza ilikuwa salamu, zilipendwa na vipindi vya wakulima. Kisha ikawa Bongo Fleva kutwa nzima, na Jumapili mahubiri. Siku hizi ni mpira na siasa kuanzia asubuhi. Babu yangu, aliyekulia Bahi, anasema redio ya Dodoma ilikufa zamani pamoja na Radio Tanzania. Wenzangu chuoni wanasema Dodoma haikuwahi kuwa na redio, ilikuwa Dar tu inasikika hapa. Nani yuko sahihi? Na haya mabadiliko huletwa na nani hasa? Nataka kuyafanyia utafiti wangu wa kumaliza chuo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Babu yako yuko karibu na ukweli kuliko wenzako, na nitaanza na hilo, kwa sababu ukilikosea utafiti wote utakaa upande.

Redio ya Tanganyika ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na jina halikudanganya: mwanzoni ilikuwa ya mji ule na viunga vyake. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaifanya kuwa idara yake, Radio Tanzania Dar es Salaam, ile ambayo wazee huiita RTD mpaka leo. Kwetu huku kati ilifika kwanza kwa masafa mafupi, sauti inayokwenda na kurudi, mtu anazungusha kitufe huku antena ameifunga kwenye mti. Baadaye mikoani ikajengwa mitambo ya masafa ya kati, na Dodoma ikapata wake.

Wenzako wakisikia hivyo watasema: umeona, mtambo si redio, ni kipaza sauti tu cha Dar. Kwa saa nyingi za siku ilikuwa hivyo kweli. Lakini upo ushahidi mmoja ambao nashangaa watu wa Dodoma hatuusemi.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na watu wazima wa wakati ule wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye nyumba kila kituo, na mkewe Tunu. Watafiti walitaka kujua kama mchezo wa redio unaweza kubadili mwenendo wa watu. Ili wajue, walihitaji sehemu ya nchi isiyousikia, wapate pa kulinganishia. Ikachaguliwa Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995, muda wa mchezo ulipofika, mtambo wa Dodoma ulijitoa kwenye matangazo ya Dar na kurusha vipindi vyake wenyewe. Wenzetu wa Mwanza na Mbeya wakawa wanamfuatilia Mkwaju. Sisi tunasikiliza mambo mengine. Mwaka 1995 ndipo mchezo ukafunguliwa huku pia, na matokeo ya utafiti yalichapishwa mwaka 1999: kule uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma.

Sasa fikiri kama mtu wa redio. Ili mtambo ujitoe mara mbili kila wiki kwa miaka miwili, lazima awepo fundi wa kukata laini na kuirudisha kwa wakati, viwepo vipindi vya kujaza nusu saa ile, na wawepo watu wa kuviandaa. Hiyo si kipaza sauti. Ni redio ndogo inayoishi ndani ya redio kubwa. Kwa hiyo babu yako anakumbuka kitu kilichokuwapo. Anapokosea ni kudhani kilikuwa cha Dodoma kutwa nzima.

Usisahau pia kwamba redio ile ya taifa haikuwa na tabia ya kusikilizwa na mtu mmoja mmoja. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kwa wiki 12, redio katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanatoka kuchimba vyoo. Mkoa wetu ulikuwa umetoka kwenye Operesheni Dodoma, watu wamehamishiwa vijijini, na kikundi cha kusikiliza kilikuwa rahisi kukipata. Mpangilio wa vipindi wa namna hiyo hauulizi msikilizaji anapenda nini. Unauliza taifa linataka afanye nini kesho asubuhi. Una uzuri wake na ubaya wake. Kwa vyovyote, babu yako alilelewa nao, na ndiyo maana redio ya leo inayombembeleza kijana apige simu ataje timu yake anaiona haina adabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi wa uandishi hulikimbia, nalo ni fizikia. Usiandike sura yoyote ya historia ya redio kabla ya kujua mawimbi yake yalifika wapi. Masafa ya kati hutambaa na ardhi mchana, na usiku hudunda angani na kufika mbali zaidi. Uwanda wa Bahi na Manyoni, tambarare vile, ni raha tupu kwa mtambo wa aina hiyo. FM haitambai. Inakwenda karibu kama mwanga: inapoishia upeo wa macho nayo inakaribia kuishia. Antena iliyo mita 100 juu ya uwanda inafikia upeo wa kilometa 40 hivi; ukiipandisha kilimani ikawa mita 400, unapata kama kilometa 80. Kondoa iko zaidi ya kilometa 150 kutoka mjini. Mpwapwa ina milima ya Kiboriani jirani. Kituo cha FM chenye mlingoti mmoja hapa mjini hakiwezi kuwa redio ya mkoa huu hata mmiliki wake akiwa na moyo wa dhahabu, mpaka ajenge mitambo ya kupokezana, na kila mtambo unataka umeme, mlinzi na fundi wa kuufikia masika.

Kwa hiyo tulipohama kutoka masafa ya kati kwenda FM tulipata sauti safi na muziki mtamu, tukampoteza mkulima wa Haneti. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kumtupa. Alijikuta nje ya duara. Ukishajua hilo, mabadiliko ya kwanza uliyoyaona, vipindi vya wakulima kufifia, hayakushangazi tena.

FM za watu binafsi zilifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyomaliza zama za redio moja ya serikali. Radio One na Radio Tumaini zilianza Dar mwaka 1994. Usimamizi ulikuwa chini ya Tume ya Utangazaji mpaka ilipoundwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, mwaka 2003. Hapa Dodoma zikaja kwa nyakati mbalimbali Mwangaza ya Kanisa Katoliki, Kifimbo, Dodoma FM, Nyemo, A FM, Rasi na nyingine; sizitaji kwa umri wala kwa ukubwa. Na Radio Tanzania yenyewe, kuanzia mwaka 2007, ikawa TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoanza. Nani hubadilisha? Mmiliki ana sauti, sikatai, lakini wamiliki wengi niliowaona wana nguvu ndogo kuliko mnavyodhani. Anayebadilisha vipindi ni yule anayelipa, na katika mji huu walipaji wamebadilika sana.

Chukua zama za salamu. Vijana mnazicheka. Mimi nasema hakuna kituo cha Dodoma kilichowahi kufanya utafiti wa wasikilizaji mzuri kuliko rundo la kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake, kijiji chake, majina ya watu aliotaka yawafikie na vijiji vyao, na ujumbe. Kituo kilipata fedha kidogo kwenye kadi. Zaidi ya fedha, meneja wa vipindi aliyekuwa na akili alikaa Ijumaa na kadi zake akaona: Mvumi wanasikia, Hombolo wanasikia, Ihumwa kadi zimepungua, kuna nini? Alijua hata nani ana mjomba Manyoni. Watuma salamu walikuwa na majina ya hewani, wakafahamiana, wakachangiana harusi na misiba, na wengine wakaoana. Mtangazaji wa salamu mzuri alijua kusoma majina arobaini bila kumchosha asiyetajwa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchambua mechi.

Salamu hazikufa kwa kuchosha. Ziliuawa na simu. Ujumbe mfupi ulipokuwa rahisi, mtu hakuhitaji tena kupitia studio kumwambia shangazi yake habari za jioni. Fedha ya kadi ikakauka, na kijiji cha mtumaji kikapotea pia, maana namba ya simu haisemi inapigwa kutoka wapi. Tangu hapo vituo vingi vya hapa vinaendesha vipindi bila kujua vinasikika wapi.

Vipindi vya wakulima vilidumu kidogo zaidi kwa sababu nyingine. Shirika lenye mradi wa mtama au alizeti lilinunua muda wa hewani, miezi sita au mwaka. Mradi ukiisha, kipindi kinaisha, mara nyingi katikati ya msimu. Hili linanikera. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kipindi cha maana lazima kianze kabla ya mvua, mtu akiwa bado anachagua mbegu. Zabibu nazo zina mwendo wake, mavuno mara mbili kwa mwaka. Ratiba ya mradi haifuati mvua, inafuata ripoti. Ukitaka kupima kama redio ya huku ni ya huku, angalia kama inatangaza bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa, na saa ngapi. Ikiitangaza saa nne asubuhi, imeitangazia ofisi.

Mabadiliko ya pili, Bongo Fleva kutwa nzima, yana tarehe unayoweza kuikaribia. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na vyuo vingine vya hapa navyo vikawa vinapanuka. Ghafla mji una maelfu ya vijana wenye simu mpya, na kampuni za simu zinawawinda. Tangazo la vocha halikai vizuri katikati ya salamu za wagonjwa. Mashine nayo ilisaidia: kompyuta yenye programu ya kupanga nyimbo inacheza usiku kucha bila mtu, na kituo chenye watangazaji watano kikaweza kwenda hewani saa 24. Muziki ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kujaza saa. Ukiusikia mwingi mno kwenye redio ndogo, usifikiri haraka kwamba wanaupenda; hesabu kwanza watu wa chumba cha habari.

Mahubiri ya Jumapili hayahitaji maelezo marefu. Yanalipiwa, na yanalipiwa kabla, jambo ambalo wateja wengine wa matangazo ya biashara hawafanyi. Redio ya dini yenye leseni yake ni habari nyingine. Nazungumzia kituo cha biashara kinachouza asubuhi ya Jumapili.

Mabadiliko ya tatu ndiyo makubwa, na bado tumo ndani yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya tangazo la mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Hawa waliokuja si wageni wa redio. Walikuja na masikio ya Dar: wamezoea kipindi cha asubuhi chenye watu watatu wanaobishana, wanasikiliza ndani ya gari wakielekea Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na redio za Dar zenyewe zimeweka mitambo hapa. Kituo cha Dodoma kilikuwa kinashindana na jirani yake. Sasa kinashindana na kampuni yenye wachambuzi waliocheza mpira.

Kwa nini mpira? Kwa sababu Simba na Yanga hazihitaji kuelezwa kwa mgeni, awe ametoka Bukoba au Mtwara. Na kwa sababu ya fedha za kubashiri. SportPesa ilipoanza kudhamini klabu hizo mwaka 2017, kila meneja masoko wa redio nchini aliona mlango umefunguka, na kampuni nyingine za aina hiyo nazo zikawa zinatafuta masikio yale yale. Dodoma Jiji kupanda Ligi Kuu mwaka 2020 kuliwapa vituo vya hapa kitu ambacho Dar hawakuwa nacho: timu ya nyumbani, Uwanja wa Jamhuri, kocha unayeweza kumfuata mazoezini. Kwa maoni yangu hawakukitumia vya kutosha. Bado saa nzima inakwenda Simba na Yanga, na Dodoma Jiji wanapewa dakika za mwisho.

Siasa inafuata kalenda ya Bunge. Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, wabunge, wataalamu wa wizara na wenye shughuli zao wamejaa mjini, na mgeni wa studio anapatikana kwa kuvuka barabara. Redio ya Dodoma ina mtaji hapo usiopatikana popote. Ila kuna kanuni. Mwaka 2017 serikali iliagiza vituo vinaposoma magazeti viishie kwenye vichwa vya habari, na kipindi cha asubuhi kilichokuwa kikiishi kwa kusoma gazeti zima kikalazimika kutafuta maneno yake. Mwaka 2020 kanuni za maudhui zikataka kituo kipate kibali kabla ya kurusha matangazo ya chombo kingine, na ule utaratibu wa kusema “sasa tunajiunga na idhaa ya Kiswahili ya BBC” ukaingia kwenye makaratasi. Leseni yenyewe inatofautisha kituo cha taifa, cha mkoa na cha wilaya, cha biashara na kisicho cha biashara. Mtu hatoki kundi moja kwenda jingine kwa kuamka tu asubuhi. Na lugha ya utangazaji ni Kiswahili au Kiingereza. Ndiyo maana Kigogo utakisikia kwenye wimbo wa zeze na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, hutakisikia kwenye taarifa ya habari. Mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba ya Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya, ungeweza angalau kufungulia kipindi cha asubuhi kwa muziki huo. Vituo vingi vinatumia mdundo wa kununua mtandaoni.

Kuna sababu moja ndogo watu huisahau: watangazaji wenyewe. Wizara zilipohamia hapa zilihitaji maofisa habari, na mshahara wa serikali unafika tarehe inayojulikana. Mtangazaji wa siasa mwenye kipaji anaweza kuondoka na kipindi chake kikafa naye. Ukiona mpangilio umebadilika na huoni mlipaji mpya, tafuta nani ameacha kazi.

Kuhusu utafiti wako. Watu wengi huanza kwa meneja, wanapewa historia iliyoandikwa kwa ajili ya wadhamini. Anza na fundi mitambo. Muulize antena ilikuwa wapi, mwaka gani ilihamishwa, nguvu ya mtambo ilipanda au ilishuka lini, na nani alipiga simu kulalamika ilipopotea. Kisha mtafute aliyekuwa akiuza matangazo. Daftari lake la wateja, mwaka hadi mwaka, litakuonyesha mabadiliko kabla hayajasikika hewani. Ratiba za vipindi za zamani hubandikwa ukutani na kutupwa. Zitafute kwenye mafaili ya maombi ya udhamini, maana mdhamini hupewa nakala. Usitegemee kukuta sauti: vituo huhifadhi matangazo kwa muda unaotakiwa na kanuni, kisha diski inafutwa ili itumike tena.

Watafute watuma salamu wa zamani. Wana madaftari. Wengine wameandika jina la kipindi, mtangazaji na tarehe kila walipotajwa, na hakuna ofisi hapa yenye kumbukumbu kama hizo.

Watu wakishindwa kukumbuka mwaka, usiwalazimishe. Wape matukio: mvua za El Niño za 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, ajali ya treni ya Juni 2002 kule Igandu, ambapo watu zaidi ya 280 walipoteza maisha. Uliza walisikia kwa redio gani, nani alitangaza, na kituo kilisimamisha vipindi au kiliendelea na muziki. Majibu hayo yatakupa tarehe, na yatakupa pia ramani ya nani alikuwa anasikika wapi.

Mmiliki mwache wa mwisho. Ukienda kwake umeshajua antena, wateja na walioacha kazi, huna haja ya kumuuliza kwa nini alibadilisha. Muulize ni kipindi gani alikilipia kwa fedha yake bila mdhamini, na kwa muda gani.